Transfoma Ndogo ya Tangi la Maziwa

Shule niliacha darasa la tatu, nikaingia kuchuma majani chai, na kutoka hapo kila kitu ninachojua nimekifungua mwenyewe na bisibisi. Sisemi hivyo nihurumiwe. Kutoka Kimulot mpaka Silibwet, mashine ya kuchomelea ikikataa inaletwa kwangu, hata na wale wenye vyeti. Kwa hivyo inveta ya tangi la maziwa ilipokufa, hakuna aliyeuliza ipelekwe wapi.

Tangi ni letu, kikundi cha wafugaji wa kilima chetu, huku upande wa msitu. Nguzo za stima ziliishia chini barabarani. Tangi linapozwa na umeme wa jua, na inveta ndiyo inageuza umeme wa betri uweze kuzungusha mtambo. Inveta ikilala, maziwa yanakuwa moto, na lori haliwezi kuchukua maziwa moto. Dereva alituambia wazi, bila ubaya: tangi likibaki hivyo mpaka mwisho wa mwezi, njia yake itahamishiwa kilima cha pili. Na lori likienda, tunabaki na wachuuzi wa pikipiki, wanaonunua kwa bei wanayotaka wao, siku wanayotaka wao.

Mwenyekiti wetu ni mama mjane, jirani yangu. Mdomo anao.

"Boiyot," akaniambia, maana mzee kwetu huitwa hivyo, "fungua hiyo kitu. Lakini usifungue vile ulifungua redio yangu."

"Redio yako ilikuwa na mende."

"Ilikuwa na mende na ilikuwa inaongea."

Nilifungua. Ndani ya inveta kuna transista kubwa zinazobeba umeme wote, moja juu, nyingine chini. Kila moja ina mguu tunaouita geti. Ukiupa umeme kidogo, transista inafungua njia, ukiuondoa, inafunga. Amri inatoka kwa ubao mdogo wa volti chache. Taabu ni hii: ile transista ya juu imekaa mahali umeme unapanda na kushuka kama mwenda wazimu. Ukiunganisha geti lake na ubao kwa waya moja kwa moja, ubao unaungua. Ndiyo maana wanaweka transfoma katikati, ndogo kuliko kiberiti. Nyaya za ubao zimezungushwa kwenye jiwe jeusi linalopitisha usumaku, nyaya za mageti zimezungushwa juu yake, na kati yao kuna tepu. Amri inavuka, waya haugusi waya. Ni kama kwetu mwanamume na mama mkwe wake. Hawapeani mikono, hawakai benchi moja, lakini neno likitumwa linafika. Siku wakigusana, heshima imeisha na boma limeharibika.

Transfoma hiyo ndiyo iliungua. Kericho nilizunguka maduka yote. Mwenye duka mmoja akaniambia, "Mzee, hiyo haiuzwi peke yake. Nunua inveta mpya." Nikamwambia kama ningetaka ushauri ningebaki nyumbani, mke wangu anao wa kutosha.

Nikaamua kuifunga mwenyewe. Niliivua nyaya zilizoungua huku nikiangalia zimeelekea wapi, maana za transista ya juu zinaelekea huku na za chini zinaelekea kule, ili moja ikifungua nyingine ifunge. Zikifungua pamoja ni mlipuko. Nilivaa miwani juu ya miwani, nikazungusha waya mwembamba kama nywele. Hapo sikukosea. Ila tepu ya njano iliniishia katikati ya kazi.

Sasa, huku kwetu karatasi ya gunia la chai inafanya kila kitu. Watoto wanafunikia vitabu, kina mama wanatandikia vifaranga, mimi mwenyewe nimeziba nayo dirisha. Ni ngumu, haipitishi unyevu. Nikakata vipande vizuri, nikaviweka mahali pa tepu.

Nilipima na mita, sawa. Nikajaribu na betri ndogo, sawa. Mwenyekiti akaja na wanachama wengine kusikia tangi likinguruma. Nikaunganisha betri zote. Kulitokea mlio mmoja kama wa bunduki, halafu moshi, halafu kimya.

Yule mama akasubiri moshi uishe. "Hii pia ilikuwa na mende," akasema.

Niliifungua tena, nikaichana ile karatasi kwa ukucha. Kati ya karatasi na karatasi kuna ngozi nyembamba ya bati, inayong'aa. Hiyo ndiyo inazuia unyevu usiingie kwa chai. Miaka yote niliyobeba magunia hayo mgongoni sikuwahi kuichana. Umeme wa betri ndogo haukuweza kuruka hapo. Umeme mkubwa uliruka, ukaua na transista.

"Ni nini?" akaniuliza.

"Karatasi ya chai ina bati ndani."

Akageuka, akaenda kukamua. Ningependa angenitukana kwanza.

Transista mpya zilibidi zitoke Nairobi. Mvua ikaanza, barabara ikakatika, mzigo ukachelewa. Mwisho wa mwezi ukafika. Lori lilipita chini barabarani, likaenda kilima cha pili, na dereva hakupiga honi.

Transista zilipofika nilifunga transfoma nyingine. Tepu niliibandua kwenye chaja za simu zilizokufa, kipande kwa kipande. Kazi hiyo ni safi, na mtu yeyote aje aifungue aone. Nilimimina maji ya kujaribia ndani ya tangi, nikawasha. Inveta ikashika mara moja, tangi likanguruma. Nilikaa hapo mpaka jasho la baridi likatoka kwenye bati la tangi.

Mwenyekiti alikuja na gumboti zake. Ng'ombe wake wawili walikuwa wamekwenda sokoni, na wanachama wengine walishalifuata lori na maziwa yao. Akafungua mfuniko, akatia kidole ndani.

"Imepoa," akasema.

"Imepoa kabisa."

"Ulifanya kazi, boiyot." Akafuta kidole kwa leso. "Sasa zima. Unamaliza betri bure."

Nilizima. Tukamwaga yale maji kwenye majani ya chai yaliyo karibu.