Saa Nane ya Mama Mkubwa

Kazi yangu ni kulinganisha saa. Ukisikia hivyo utadhani nakaa sokoni kwetu Kamembe na bisibisi, natengeneza saa za mkono. Wapi! Mimi napanda milima ya Nyakarenzo na Mibirizi kukagua minara ya simu. Kila mnara una saa yake, na zote husikiliza setilaiti zilezile. Hata setilaiti ikikosea kidogo, si neno: minara miwili ikiisikiliza kwa pamoja, kosa ni moja kwa yote miwili, kwa hiyo saa zake bado zinapatana.

Nilimweleza Mama haya akimenya ndizi. Akacheka. "Kumbe ni ndege yetu!"

Mama alikulia Bukavu, akarudi huku. Dada yake mkubwa alibaki kule, ng'ambo ya mto wa mpaka. Kila ndege ya asubuhi iliposhuka kuja Kamembe, wote wawili waliisikia, na kila mmoja alisimama alipo, akamwombea mwenzake.

"Lakini Mama, ile ndege inachelewa kila mara."

"Kawia ufike, Papa," akaniita mwanawe kwa Kiswahili cha Bukavu. "Tena inatuchelewea sisi bote."

Nilikasirika! Mimi na setilaiti zangu nishindane na ndege? Nikavuka mpaka, nikaiweka saa ya mama mkubwa sawa na ya Mama, hadi sekunde. "Sasa mtaomba kama watu wa kisasa," nikajisifu.

Kisha mama mkubwa akapata uvimbe tumboni, ikabidi apasuliwe. Mama akashindwa hata kula. Hofu yake ilikuwa moja: dada yake aingie chumba cha upasuaji bila wao kuomba pamoja, afe peke yake. Ujumbe wa sauti wa mama mkubwa ukaja: "Kesho bananiingiza saa nane. Tuombe pamoja."

Kesho yake, saa nane mchana, kwa saa yangu isiyodanganya, tukapiga magoti sebuleni. Kabla ya amina simu ikalia. Mama aliona namba ya Bukavu, akanipa mimi.

Alikuwa mama mkubwa mwenyewe, sauti nzito kwa dawa. "Papa, nilishatoka tangu asubui. Mama yako aliomba?"

Ee Mungu wangu, nilitamani ardhi inimeze. Mama mkubwa aliwahi kuishi Kinshasa miaka mingi kabla ya kurudi Bukavu. Akitaja saa, anahesabu kama Wafaransa, kuanzia usiku wa manane. Saa nane yake ni saa mbili yetu ya asubuhi! Nimehangaika na sekunde, nikasahau kuuliza ni saa ya nani.

Mama akaninyang'anya simu. "Yaya, dada yangu, niliomba," akasema, machozi yakimtoka. "Asubuhi nilikuwa kwenye maharage, nikasikia ndege. Nikasimama tu, kama zamani."

Nikamsikia mama mkubwa simuni. "Na mimi. Banasukuma kitanda kuniingiza, nikaisikia dirishani. Leo ilichelewa, ikanikuta."

"Ilichelewa sana," Mama akasema. "Mungu aibariki."