Siku Baba Alipokalia Kigoda

Mfereji wa jikoni uliokauka una sauti yake maji yakirudi. Kwanza unakohoa, halafu unavuta pumzi ndefu kama mzee anayejiandaa kuinuka, kisha unatema maji ya rangi ya chai. Hapa Ruiru ninapoishi siku hizi, sauti hiyo huja bila taarifa, na kila nikiisikia mimi huacha nilichoshika nikakimbilia jikoni. Watoto wangu hunicheka. Hawajui kwamba inanirudisha Thika, kwenye nyumba yetu ya kupanga ya ghorofani, Jumapili moja tuliyotoka kanisani tukakuta maji yakiteremka ngazi taratibu, kama mpangaji anayehama bila kuaga.

Baba aliendesha mashine katika kiwanda cha kusindika matunda kule Eneo la Viwanda, na nguo zake za kazi zilinukia mananasi hata zikishafuliwa. Mama alikuwa fundi wa nguo, cherehani yake ikikaa sebuleni chini ya dirisha. Mimi, Nekesa, ndiye niliyekuwa kifungua mimba. Mdogo wangu Wafula alikuwa na miaka saba na mikono isiyojua kutulia. Wazazi wetu walitoka Bungoma, lakini sisi tulikulia Thika, tukiongea Kiswahili nyumbani na Kikikuyu cha kuokoteza kule nje kwa wenzetu.

Mama alikuwa na desturi yake. Jambo likiharibika nyumbani, hakupiga kelele wala kutafuta mwiko. Alisimamisha cherehani, akavuta kigoda cha mbao kilichokuwa chini yake, akakisukuma katikati ya sebule. "Haya," alikuwa akisema, "kaa hapo utufunze." Aliyeharibu ndiye aliyekuwa mwalimu wa siku hiyo. Ilimbidi aeleze kimetokea nini, kimemuumiza nani, na sasa tutafanyaje. Wafula alikuwa mwalimu karibu kila wiki. Kwa ajili yake tulijifunza kwamba viatu vya ngozi havioshwi ndani kwa sabuni ya unga, hata kama nia ni kumfurahisha mwenyewe. Tulijifunza pia kwamba kuku hapendi kufungwa mkanda kiunoni.

Wakati wa masomo hayo Baba alisimama mlangoni, mikono kifuani, akitikisa kichwa pale panapostahili. Yeye hakuwahi kukalia kigoda. Nadhani hata hatukuwahi kufikiri kwamba kingemtosha.

Sasa, wiki hiyo maji yalikuwa yamepotea ploti nzima, kwa wapangaji wote. Mitungi ilipangwa koridoni, na vyombo vya chakula cha jana vilikuwa vimelala ndani ya sinki, kitambaa cha kuoshea juu yake. Jumapili asubuhi sisi watatu tulitangulia kanisani, kwa sababu Mama aliimba kwaya. Baba alibaki nyuma akinyoa ndevu, akatufuata baadaye akiwa na suti yake ya kijivu, nadhifu kama bwana harusi.

Tuliporudi, Mama ndiye aliyeyaona maji kwanza. Alivua viatu, akapandisha sketi kidogo, akapanda ngazi. Ndani ya nyumba, ndala za Wafula zilikuwa zikielea kuelekea mlangoni. Mfereji wa jikoni ulikuwa unamwaga kwa nguvu zote, kile kitambaa kimeziba tundu la sinki, na sakafu yote iling'aa kama kioo.

Kabla hatujafunga mfereji vizuri, Mama Wairimu alikuwa amefika mlangoni. Aliishi chini yetu, na kila alfajiri alikaanga mandazi ya kuuza kwenye kibanda chake karibu na lango la kiwanda.

"Mama Nekesa, hii maji yenu imeingia mpaka kwa kitanda," alisema. Hakuwa amekasirika, alionekana amechoka tu. "Godoro imelowa. Na ule unga wangu wa kesho, gunia imenyonya maji kutoka chini."

Mama alishika kichwa. Kisha macho yote yakafanya yale ambayo macho yalizoea kufanya: yakamgeukia Wafula.

"Si mimi," Wafula alisema. "Mimi sikugusa. Haki, Mama, sikugusa."

"Ni nani huchezea mfereji akingojea maji?" niliuliza mimi, dada mkubwa mwenye hekima zote.

Wafula alianza kulia. Alilia kama mtu anayejua kwamba hata akisema kweli haitamsaidia. Akavuta kigoda mwenyewe, kikiburura maji, akakaa.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, mahali pake pa siku zote. Pakawa na kimya. Halafu alikunja suruali yake ya suti hadi magotini, akavuka sebule, akamshika Wafula begani.

"Toka hapo," alisema. "Hiyo nafasi ni yangu."

Hatukumwelewa. Baba akaketi. Kigoda kilikuwa kifupi mno kwake, magoti yakamfika karibu na kidevu, na ncha za koti zikachovya majini. Wafula aliacha kulia kwa mshangao.

"Nilitaka maji ya kupangusa viatu," Baba alianza, akiangalia sakafu. "Nikafungua mfereji, haukutoa kitu. Nilikuwa nimechelewa, nikatoka. Nimesahau kufunga."

Mama hakucheka, ingawa niliona shavu lake likicheza. "Na imemuumiza nani?" aliuliza, kwa sauti ile ile aliyotumia kwetu.

"Mama Wairimu," Baba alisema. Jirani yetu bado alikuwa pale mlangoni. Baba akainua uso. "Na Wafula. Pole, Wafula. Si wewe."

"Na sasa tutafanyaje?"

Baba alisema atashuka kwa Mama Wairimu apige deki na kutoa godoro. Akainuka, akamvuta Mama kando kuelekea jikoni. Nilikuwa karibu nao nikikamua tambara, na nikamsikia akinong'ona, "Watoto si wabaki huku? Lazima wanione nikipiga magoti kwa watu?"

"Hao ndio hasa wakuone," Mama alijibu.

Kwa hiyo tulishuka sote. Mama Wairimu alijaribu kumzuia Baba, akisema mwanaume na suti yake hawezi kupiga deki nyumba ya wenyewe. Baba alikuwa ameshavua koti. Alipiga magoti akasukuma maji kutoka chini ya kitanda hadi mlangoni, huku Wafula akimwelekeza kwa furaha isiyofichika, "Bado hapo kwa kona, Baba." Godoro tulilibeba mpaka kwenye paa, jua la saa nane likalipokea.

Ulibaki unga. Mama Wairimu alifungua gunia, akaingiza mkono, akaupima kwa vidole. Wa chini ulikuwa tope, tukautupa. Wa juu ulikuwa mkavu, lakini ulikwisha kupata unyevu.

"Huu haulali," alisema. "Ukilala utaota ukungu. Ni kukanda tu, leo leo."

Basi tukakanda. Mama alileta beseni zetu, mimi nikapewa sukari na iliki, na Baba akakabidhiwa donge kubwa kuliko yote kwa sababu ya mikono yake. Karai iliwekwa uani, mafuta yakaanza kuimba, na harufu ikapanda ghorofa zote, milango ikafunguka mmoja mmoja. Watu walishuka na vikombe vya chai. Wengine walinunua kwa bei yake, wengine walileta kuni na hadithi. Baba alikanda vibaya, mandazi yake yakatoka magumu kama sabuni ya kipande, na Mama Wairimu aliwaambia wateja wote kwamba hayo ni ya fundi wa kiwandani. Baba alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiwiko chenye unga.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kichekesho cha mandazi. Nilikuwa mama tayari nilipoanza kukifikiria kile kimya cha pale mlangoni. Baba lazima alijua tangu ngazini ni nani aliyefungua mfereji ule. Alimkuta mtoto ameshaketi, amelia, yuko tayari kupokea lawama, na nyumba nzima imeamini. Hakuna ambaye angewahi kujua. Alichohitaji ni kukaa kimya kidogo tu zaidi.

Hivi majuzi nilimuuliza Wafula anakumbuka nini cha siku hiyo. Sasa ana ndevu, na binti anayevunja vitu kama alivyovunja yeye. Godoro hakumbuki. Mandazi hakumbuki, wala umati uliojaa uani.

"Nakumbuka aliniambia pole," alisema. "Mbele ya watu."