Mwanamume wa Kwenye Mashine

Siku za kazi Penina Burito alikaa Musoma, kwenye chumba cha kupanga si mbali na ziwa, kwa sababu pampu za maji alizozisimamia zilikuwa huko. Jumamosi alirudi Butiama nyumbani kwa mume wake, ambako mama mkwe wake, Yuliana, alikaa na wajukuu. Mume mwenyewe, Boniphace, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Bunda, naye alifika Butiama Jumapili, wakati misa imekwisha. Watu wa nyumba moja, miji mitatu. Katika ndoa ya namna hiyo maneno hufika kabla ya wenyewe.

Penina alipomwambia mumewe kwamba ameanza kusomea shahada ya uzamili kwa njia ya mtandao, uhandisi wa mifumo, kwenye chuo cha ng'ambo, Boniphace aliweka kikombe chini.

"Hicho chuo kina geti?"

"Geti la nini, Baba Jeska?"

"Chuo ambacho hakina geti, hakina mlinzi, hakina hata choo, mtu anajuaje kama kipo?"

Penina akajitahidi kumweleza. Maji yakikatika mjini, watu wa pampu husema ni umeme. Watu wa umeme husema ni mabomba. Watu wa mabomba husema ni tangi. Ukienda kukagua unakuta kila kipande ni kizima, na maji hakuna. Yeye alitaka kujifunza kuitazama kazi yote kama kitu kimoja, ajue vipande vinashikana wapi na vinaachiana wapi.

Boniphace aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni alibaki na lake. Binamu yake Ephraim, aliyekuwa akishinda naye dukani, alishamsimulia habari za mwalimu mmoja wa Mugeta aliyesoma mtandaoni mpaka siku chuo kilipozima simu, kikapotea na walimu wake wote.

"Halafu mke anaongeaga Kizungu kwenye kompyuta," Ephraim aliongeza, "wewe utajua anasema nini?"

Mitihani Penina aliifanyia Butiama. Jirani yake wa Musoma alikuwa mchomeleaji wa mageti, na mashine yake haikujua mtihani. Chuo nacho kilikuwa na masharti makali: mtahiniwa awe peke yake chumbani, mlango ufungwe, na msimamizi aliye nchi nyingine amtazame kwa kamera mwanzo hadi mwisho.

"Mama, leo nina mtihani," alimwambia Yuliana. "Naomba mtu asiingie."

"Hakuna atakayeingia, mwanangu," Yuliana alijibu. Kisha akachukua kigoda chake na ungo wa mchicha, akaenda kukaa chini ya dirisha la chumba.

Hapo akasikia sauti. Sauti ya mwanamume, ya kuamrisha, na mkamwana wake kila akiamriwa anatii. Yuliana akachungulia penye upenyo wa pazia. Akamwona Penina ananyanyua shuka. Akamwona anasukuma nywele nyuma, anageuza sikio la kulia, anageuza la kushoto, kisha anapandisha mikono ya gauni mpaka kwenye kiwiko. Mchicha ulibaki kwenye ungo. Yuliana alikwenda nyuma ya zizi, akapiga simu Bunda.

"Boni, huku kuna mwanamume."

"Yuko wapi?"

"Yumo humo humo kwenye mashine. Anamwambia afunue kitanda."

Boniphace hakumuuliza mkewe. Jumapili ile aliitazama mikono ya Penina ikimkorogea chai kana kwamba ni mikono ya mgeni. Penina aliona mumewe amebadilika, akadhani biashara imelala.

Ulipofika mtihani uliofuata, Boniphace alifunga duka mchana, akaazima pikipiki ya Ephraim, na alipokaribia nyumbani akaizima, akaikokota. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akasimama koridoni. Kiingereza chake kilikuwa cha shuleni zamani, lakini neno kitanda alilijua, na masikio aliyajua. Kisha pakawa kimya. Kimya kile kilimuumiza kuliko ile sauti. Ghafla mwanamume akasema tena, pole pole: "Usitazame pembeni. Nitazame mimi."

Bega la Boniphace likang'oa komeo.

Penina alikuwa kwenye kiti, mbele yake karatasi nyeupe. Ndani ya kioo cha kompyuta, kwenye kona, kijana mwembamba mwenye miwani alishtuka, akasema jambo, akatoweka. Yakabaki maandishi: mtihani umesitishwa, kuna shaka ya udanganyifu.

"Ndiye huyo?" Boniphace aliuliza, akihema.

Penina aliufunika uso kwa viganja, na Boniphace, aliyekuja amejiandaa kwa makelele, hakujua afanye nini na ile mikono yake.

Chuo kilimwita Penina kujieleza mbele ya kamati, kwa video. Nacho kiliuliza: yule mtu aliyeingia ni nani, na alimletea nini?

"Sema kulikuwa na moto," Boniphace alishauri. "Sema ng'ombe ameingia ndani."

"Nitasema kweli. Na wewe utakuja useme yako."

"Mbele ya wazungu?"

"Mbele ya hao hao uliosema hawapo."

Siku ya kikao Boniphace alivaa koti la harusi za watu. Chuo kilikuwa kimemtafuta mkalimani, mama mmoja mwenye Kiswahili kilichonyooka, kwa kuwa Penina hakuruhusiwa kumtafsiria mumewe. Mwenyekiti wa kamati akauliza: bwana, ulipovunja mlango ulitarajia kumkuta nani?

Boniphace aliangalia dari. "Mwanamume," alisema.

Mkalimani akatafsiri.

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta. Alikuwa anamchunga mke wangu asiibe. Na mimi nilikuwa nimekuja kumchunga hivyo hivyo."

Penina alipewa mtihani mwingine. Safari hii aliufanyia Musoma, baada ya kumwomba mchomeleaji azime mashine, na siku yenyewe hakumwambia mtu yeyote wa nyumbani. Boniphace alikuja kuijua ikiwa imepita.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja."

"Nisingekuja."

"Baba Jeska, ungekuja."

Alifaulu. Siku ya mahafali, yaliyorushwa mtandaoni, Yuliana aliamuru kompyuta iwekwe sebuleni na mbuzi achinjwe. Jina la Penina lilisomwa vibaya kabisa, na nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele. Yuliana alisogea mpaka karibu na kioo, akawakagua walimu mmoja mmoja.

Watu wakiwa wanakula, simu ya Penina iliita. Sauti ya mwanamume, Kiingereza. Boniphace akapunguza redio. Penina akaliona hilo. Akainuka na simu yake, akatoka nayo hadi kule kwenye mihogo, akiongea na kucheka kwa sauti.

Boniphace hakusimama. Lakini kipande cha nyama alichokuwa amekishika hakikufika mdomoni mpaka mkewe aliporudi kuketi.