Usiulize Kabla ya Nusu Kikombe

Mama yangu aliuza chai na mandazi hapa Lodwar, karibu na steji ya magari, na mimi nilikuwa muosha vikombe wake. Alikuwa na sheria moja, na aliilinda kwa mwiko. "Mtu akikaa, usimuulize kitu mpaka afike nusu kikombe," alisema. "Kabla ya hapo ni kiu inayokujibu." Nikithubutu kumuuliza dereva wa lori habari za njia kabla chai haijapungua, mwiko ulinipata mkononi. Basi nikajifunza kutazama vikombe. Chai ikifika nusu, dereva alianza mwenyewe: mke, tairi, mtoto aliyekataa shule. Mama alisema "ehee" na "kisha?" tu, na watu waliondoka mgongo umenyooka. Hatukujua kwamba kazi hiyo ina cheti.

Cheti nilikwenda kukitafuta Eldoret. Huko nikafundishwa unasihi wa kisasa: viti viwili vilivyogeukiana kidogo, saa ya ukutani, mlango uliofungwa, kisanduku cha tishu mezani, na fomu ya maswali ya kumjazia kila mteja. Nilirudi Turkana na maringo, we! Nilimwambia hata mama kwamba huduma yake haina mpangilio. Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Sawa, daktari," akasema. "Vikombe viko pale."

Kazi ikanigawa, siku tatu kwa wiki na wakimbizi Kakuma, siku mbili Lodwar. Kakuma ndiko maringo yalikoanza kuchubuka. Mama mmoja Msomali, muuza vitambaa, alimaliza dakika zangu zote hamsini akizungumzia jua. Aliposimama alikichukua kisanduku cha tishu, akanishukuru sana kwa zawadi, akaenda nacho. Wiki iliyofuata alikuja na jirani zake wawili, wote wakiangalia meza. Naye mzee mmoja wa Kongo hakutaka kabisa mlango ufungwe. "Mama, ukifunga mlango, miye ninaanza kutafuta dirisha," alisema. Nikaufungua, tukacheka, akanimwagia moyo wake wote huku watu wakipita nje na ndoo za maji. Lakini nilicheka bila kujifunza. Fomu zangu niliendelea kuzishika kama msahafu.

Ndipo akaja mzee mmoja mfugaji kutoka Namoruputh. Aliletwa kwenye ofisi yetu ya Lodwar na binti yake, mpishi katika hoteli moja ya mjini. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo yake yote, na tangu binti amchukue aishi naye, mzee alilala akiutazama ukuta. Uji wa asubuhi aliuonja kwa kumheshimu bintiye. Kingine hagusi.

"Hospitali wamempima, wanasema hana ugonjwa," binti aliniambia. "Madam, baba anaondoka hivi hivi nikimwangalia. Nisaidie." Mikono yake ilinuka vitunguu.

Mzee aliingia na kigoda chake mkononi, kile kidogo ambacho wazee wetu hukikalia mchana na kukilazia kichwa usiku. Akakipuuza kiti changu, akakaa kwenye kigoda. "Ejok, Apa," nikamsalimu, kama anavyosalimiwa baba. Akaitikia. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini fomu ilikuwa wazi mbele yangu, na mstari wa tano uliuliza idadi ya mifugo iliyokufa. Nikamuuliza.

Haki ya Mungu, mimi ni mzaliwa wa Turkana! Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mfugaji haulizwi idadi. Kumhesabia mtu mifugo iliyo hai ni kuitakia mkosi. Kumwambia ahesabu iliyokufa, hata sina jina lake. Mzee aliinuka, akachukua kigoda, akatoka. Binti alinitazama mara moja, akamkimbilia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na hofu pia, maana mzee alikuwa amekonda vibaya na huenda nisingepata nafasi nyingine.

Jioni nikamweleza mama. Alikuwa anakanda unga, na hakuacha kukanda.

"Umemfanya mzee wa watu azike ng'ombe wake mara ya pili," alisema. "Chai ulimpa?"

"Sikumpa."

"Ala! Ile ya asiyefunzwa na mamaye, kumbe hata aliyefunzwa anaweza kusahau!" Akapangusa mikono. "Kesho utabeba chai. Na umuulize fahali wake."

Kwetu, mwanamume wa rika lile huwa na fahali mmoja wa moyo wake. Humtungia nyimbo, humvalisha kengele, na watu humwita mwenyewe kwa jina la fahali huyo. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeyaacha mlangoni mwa ofisi pamoja na viatu vya vumbi.

Asubuhi nilipanda bodaboda hadi nyumbani kwa binti, nimepakata chupa ya chai ya maziwa ya mbuzi. Mzee alikuwa amelala, uso ukutani. Nikaketi sakafuni, nikamimina vikombe viwili, nikanyamaza. Miguu ilikufa ganzi. Baada ya muda mrefu mkono wake ulitoka kwenye shuka, kwa sababu chai ya mgeni haikataliwi. Akanywa kidogo. Akanywa tena. Mimi macho kwenye kikombe, mpaka kikafika nusu.

"Apa," nikasema, "nimesikia fahali wako alikuwa mwekundu, pembe zimenyooka." Sikuwa nimesikia chochote. Nilibuni tu.

Ukuta ukajibu: "Nani amekudanganya?"

"Watu tu."

"Watu gani hao wasio na macho!" Akageuka. Akaketi. "Mweusi! Shingo nyeupe! Pembe moja mbele, moja nyuma!" Na kwa kuwa nilionekana mzito wa kuelewa, alisimama akanionyesha. Aliinua mikono juu ya kichwa, wa kulia akaukunja mbele, wa kushoto nyuma, akaanza kumwimba. Sauti ilikuwa kavu, ikikatika na kurudi. Binti alitokea mlangoni na mwiko mkononi, akaganda.

Wimbo ulipokwisha mzee alikaa akalia waziwazi, na sisi tukalia naye. Tishu hazikuwepo, leso yangu ilitutosha sote watatu. Halafu akachungulia kikombe.

"Chai imepoa," akanilaumu. "Na nyumba hii haina ugali?"

Binti karibu aanguke kwa haraka ya kwenda jikoni. Mzee alikula, tonge baada ya tonge, akilalamika kwamba ugali ni laini, eti mpishi gani huyu hajui kusonga.

"Ndiyo, Baba," binti alijibu, akicheka na kulia. "Kesho nitausonga vizuri."

"Kesho uwe mgumu," mzee akasema.

Jumatatu niliitoa fomu yake. Mstari wa tano ulikuwa bado mtupu, na bosi wangu hapendi mstari mtupu. Nikachukua kalamu, nikalikata neno "iliyokufa", nikaandika: fahali mmoja, mweusi, shingo nyeupe, pembe moja mbele na moja nyuma.