Mlango wa Viraka

Wapangaji wa jengo lile walimwita Mama Labda, na yeye mwenyewe aliitika. Ukimwuliza kama chai imetiwa sukari, labda. Kama mvua itanyesha, labda. Alikuwa mwanamke wa kupima mara kumi kisha asikate. Sindano alijua kuishika, usidhani hakujua. Alikunja mapindo ya suruali, akarudishia vifungo, akashona foronya za nyumba nzima. Ila kila alichoshona kilikuwa kimeshakatwa na mtu mwingine. Mkasi ukiwa mikononi mwake, angekizungukia kitambaa mpaka chai ipoe.

Mumewe alikuwa seremala, na kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Siku hizi Fundi alishinda kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwa binti yao, ghorofa ya tatu, viatu miguuni tangu asubuhi, mfuko wa nguo mapajani, akisubiri kupelekwa nyumbani.

"Sista," alikuwa akimwambia mkewe, maana alimdhani muuguzi, "gari linakuja saa ngapi?"

"Gari gani, Fundi?"

"La kunirudisha kwangu. Mke wangu yuko peke yake kule."

Mwanzoni alimwambia ukweli: nyumba ilibomolewa kupisha barabara, mkeo ni mimi hapa, hapa ndipo kwetu sasa. Fundi alilia kama mtu aliyeletewa habari za msiba, kwa sababu kwake ulikuwa msiba, na kesho yake alikuwa ameshasahau na ilibidi afiwe upya. Basi mkewe akaacha ukweli. "Gari linakuja, Fundi. Labda kesho." Neno lile alilochekewa maisha yake yote, sasa angalau lilikuwa linamfaa mtu.

Lakini lilikuwa limeshawagharimu. Kabla tingatinga halijaingia uwanjani kwao, msimamizi alikuwa amemwuliza kama wangependa kuung'oa mlango wa mbele, ule ambao Fundi aliuchonga mwenyewe mwaka aliooa. Mama Labda alifikiria ngazi za ghorofa ya tatu, akafikiria uzito wa mbao zile, akafikiria mkwe wake atasemaje. Akamjibu atafikiria. Alipomaliza kufikiria palikuwa na kifusi.

Wazo alilipatia chini, kwa wifi yake. Huyo wifi, mdogo wake Fundi, alikuwa na chumba cha cherehani ghorofa ya chini ya jengo hilohilo, na mdomo wa kukatia bati. Alishona mablanketi ya viraka yaliyojaa nyota, na ncha za nyota zake zilikutana sawasawa, hakuna iliyomeza mwenzake. Siri yake ilikuwa karatasi. Alichora nyota kwenye karatasi, akaigawa vipande, akavipa namba, kisha akashona vitambaa moja kwa moja juu ya karatasi ile, namba kwa namba. Mwisho aliichana karatasi akaitupa, nyota ikabaki.

Mama Labda aliziangalia nyota zile siku nyingi kabla hajafungua mdomo.

"Wifi, kitu chenye mbao kinaweza kushoneka hivyo? Mlango, kwa mfano."

"Kinachochoreka kwa rula kinashoneka. Mlango wa nini?"

"Wa Fundi. Nimshonee ule mlango wake kwenye blanketi, alilaze miguuni. Labda akiuona atajua yupo kwake. Hata siku moja tu, wifi. Avue viatu siku moja."

Wifi aliacha kushona. Kisha akasema, "Kalete koti lake la kazi."

Koti lililetwa, la kahawia, viwiko vimekwisha, mfuko wa juu bado una penseli. Likakaa mezani likitazamwa. Si kwamba Mama Labda hakujua pa kukata. Alijua kwamba akishalikata, Fundi hatalivaa tena, na yeye ndiye atakayekuwa amesema hivyo, kwa mkasi, mbele ya ndugu yake.

"Haraka haraka haina baraka," alijitetea.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Wifi, kaka yangu harudi kazini. Ulipige pasi usilipige, harudi. Kata."

Akakata. Alilia vizuri tu, waziwazi, huku mkasi ukienda, na wifi akajifanya anatafuta uzi chini ya meza.

Basi likaanza somo, na somo lenyewe lilikuwa kama limetungwa makusudi kumtesa mtu wa aina yake. Kitambaa hukaa nyuma ya karatasi, na wewe unashona mbele, juu ya mstari. Maana yake unashona usichokiona. Unalaza kipande cha pili juu ya cha kwanza, uso kwa uso, unageuza karatasi, unapitisha mshono, kisha unakifunua kipande na kuomba Mungu kiwe kimefunika pale ulipotaka. Chake hakikufunika. Kilifika nusu, kikaacha karatasi wazi kama shati lililopanda tumboni. Akakata kikubwa zaidi. Safari hii alikilaza kinyume, upande wa ndani ukatokea nje. Akafumua. Akarudia. Akasahau kuufupisha mshono, na alipotaka kuichana karatasi ikagoma, akavuta kwa nguvu, nyuzi zikaja nayo.

"Mshono mfupi, wifi! Mfupifupi, karatasi itoboke kama stempu. Mara ngapi?"

"Labda mimi siyawezi haya."

"Huyawezi, ndiyo. Shona hivyohivyo."

Juu, Fundi alikuwa anakwisha kidogo kidogo. Alisahau jina la binti yake, kisha matumizi ya kijiko. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijamtoka, nacho ni nyumbani kwake, na mkewe alishona akijua anashindana na nini. Alitaka kufika kabla hicho nacho hakijaondoka. Nafikiri hakuwahi kutaka kitu kwa nguvu namna ile, hata kuolewa.

Mchana mmoja akachana karatasi ya mwisho, akakigeuza kitambaa, na mlango ukawepo: mbao tano za kahawia zilizosimama, ubao mmoja wa chini mweupe kidogo kuliko wenzake, kama kwenye mlango wenyewe, fremu ya bluu iliyotoka kwenye shati la Fundi, na kitasa cha manjano. Haukuwa mlango wa kusifiwa. Fremu ilipinda kidogo juu. Lakini wifi alipiga kigelegele chumba kizima, na Mama Labda, ambaye hajawahi kukimbia ngazi tangu wahamie pale, alizikimbia.

Alimtandikia Fundi mapajani, juu ya mfuko wa nguo.

Fundi alitazama. Akapitisha kidole kwenye mbao, moja moja, akafika kwenye ule ubao mweupe akautambua, maana aliutabasamia. Kisha akakunja uso.

"Nani kaupachika mlango huu?"

"Kwa nini, Fundi?"

"Kitasa kiko kulia. Huu mlango wangu, mbao zangu hizi, lakini nani kauharibu? Kitasa changu kiko kushoto. Mimi natumia shoto, sista. Nyumba yangu, mlango wangu, nifungue kwa mkono wa watu?" Akainua mkono wa kushoto, akashika kitasa kisichokuwepo, akakizungusha. "Wageni wote wanahangaika nao. Siku ya kwanza namleta mke wangu, anasukuma kwenye bawaba! Anasukuma, anasukuma. Nikamwambia, bibi, ndani humu utazoea kushoto. Unajua alinijibu nini?"

Mama Labda alilishika pindo la kitambaa.

"Labda!" Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Ananijibu labda! Mwoga wa kuamua yule, lakini sijapata kuona mtu anayekaa kama yeye. Akishakaa, kakaa."

Miaka mingapi alikuwa hajamsikia akicheka? Na katika ndoa yao yote, mtu huyu wa maneno machache hajawahi kumwambia jambo hilo usoni. Ilibidi amsahau kwanza ndipo amsifie. Mtu mwingine yeyote angevuta kigoda, akaketi, akauliza: enhe, halafu? Angeliacha kosa liendelee kusema. Mama Labda yeye aliona kitasa tu. Aliona amekosea, kama alivyojua tangu mwanzo kwamba atakosea, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Nimekosea, Fundi. Nipe, nitaurekebisha."

"Acha kwanza, nautazama."

"Nitaurudisha ukiwa sawa."

Akauvuta. Fundi aliushika kidogo, kisha akauachia, kwa kuwa alikuwa mtu mstaarabu na hakupenda kuvutana na wauguzi.

Chini, wifi alikitazama kitambaa, akatazama mchoro, akajishika kichwa.

"Kosa langu, wifi. Kitambaa kinakaa nyuma ya karatasi, kwa hiyo picha inageuka, kama kwenye kioo. Unatakiwa uchore kinyume. Mimi sikukumbuka kabisa habari hiyo. Nyota ina kushoto ipi na kulia ipi? Miaka yote nashona nyota." Kisha akashtuka. "Ngoja. Kakwambia kitasa kiko vibaya?"

"Nani mwingine angeniambia?"

"Basi kautambua! Wifi, kautambua mlango! Mrudishie sasa hivi, hivyohivyo ulivyo."

"Na makosa yake?"

"Na makosa yake! Ndiyo yaliyomwamsha!"

"Labda," alisema Mama Labda, na kifumulio kilikuwa mkononi, mshono wa kwanza umeshakatika.

Ilibidi aufumue wote. Koti lilikuwa limekwisha. Nguo ya kushonea mlango wa pili ilikuwa ndani ya mlango wa kwanza. Wifi alimgombeza, akamwita kichwa cha nazi, kisha akachoka, akachukua karatasi mpya na kumchorea mchoro uliogeuzwa. Safari hii Mama Labda hakutaka kukosea. Alipima. Alikishikilia kila kipande kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kukishona. Mvua zikaanza, zikaisha, na yeye bado alikuwa kwenye ubao wa tatu, kwa sababu vipande vilikuwa vimepungua kingo kwa kufumuliwa na kila kimoja kilihitaji kubembelezwa.

Huko juu Fundi aliuacha kwanza mfuko wa nguo. Ukawekwa kabatini na hakuuliza. Halafu asubuhi moja hakutaka viatu.

"Mama, umeona?" binti yao alisema, akijiandaa kwenda kwenye zamu yake, na uso wake ulikuwa umepumzika kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Baba ametulia. Siku hizi hata gari haulizi."

"Nimeona," mama yake alijibu.

Alikuwa ameona, na alielewa alichokiona. Fundi hakuwa amefika nyumbani. Alikuwa ameacha kuwa na nyumbani. Mama Labda aliingia bafuni, akafungulia maji, akajilaumu kwa majina yote aliyowahi kuitwa na mengine mapya. Kisha akashuka kumalizia, kwa kuwa hakujua jambo lingine la kufanya, na kwa kuwa moyo ni mjinga.

Mlango wa pili ulikuwa mzuri. Hata wifi, asiyesifia bure, aliugeuzageuza akakosa pa kukosoa. Fremu ilinyooka, mbao zilisimama, na kitasa cha manjano kilikaa kushoto, pale hasa Fundi alipokiweka akiwa kijana. Waliutia bitana, wakaupiga pasi, na Mama Labda akaupandisha ngazi polepole.

Fundi alikuwa kitandani, ameegemezwa kwenye mito. Akamtandikia miguuni.

"Asante," alisema. "Lina joto."

"Fundi, tazama. Ni mlango."

"Ndiyo."

"Mlango wako. Uliutengeneza wewe." Alipiga magoti kando ya kitanda. Mkono wake ulikuwa umefunika kitasa, akauondoa, kisha akaurudisha. Alitaka jibu litoke kwake mwenyewe. "Nikumbushe. Kitasa chake kinakaa upande gani?"

Mtu huyu aliwahi kuurudisha karakana mlango mzima wa mteja kwa sababu bawaba moja ilikaa juu kwa unene wa kucha, na mteja mwenyewe hakuwa ameona. Sasa alikitazama kitambaa, akamtazama mwanamke aliyepiga magoti, akamsoma usoni kwa makini, akitafuta jibu litakalompendeza, maana aliona kwamba swali lilikuwa kubwa kwake na hakutaka kumvunja moyo.

"Popote mtakapoona panafaa, sista," alisema kwa upole. "Mimi sina neno."

Akavuta blanketi mpaka kifuani, akafumba macho.