Tulivyohitimu Mara Mbili

Siku ya mahafali yetu ya kidato cha nne mgeni rasmi alitakiwa kufika saa nne asubuhi. Alifika saa tisa. Shule yetu ilikuwa ya misheni, huko Iramba, na mkuu wake alikuwa Sista ambaye kwa miaka minne alituchapa kwa kuchelewa mstarini. Nilikuwa na hamu kubwa ya kuona Sista atamfanya nini mgeni huyu.

Mgeni mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Singida mjini. Biashara zilipoachiwa huru alianza kununua alizeti, akafungua mashine ya kukamua mafuta, kisha akawa hakosi harambee yoyote ya kanisa wala maulidi yoyote. Alitaka ubunge, na hakuona sababu ya kuchagua dini.

Ilipofika saa nane, msichana mmoja wa kwaya alikuwa ameshaanguka kwa jua. Paroko, mzee aliyekuwa na njaa kuliko sisi, akasema basi, vyeti atatoa yeye. Akatoa. Risala ikasomwa, tukaimba, wazazi wakapiga vigelegele. Bibi yangu, aliyetoka Ulemo juu ya lori la vitunguu, akanivisha shada la karatasi za kung'aa, akalia kwa sauti mpaka nikaona aibu. Ikabaki kula tu.

Ndipo tukaona vumbi. Ilikuwa pikapu, na nyuma yake amesimama kijana mwenye kamera ya video begani. Sista akaruka kutoka kitini. Hakumuuliza mgeni alikuwa wapi. Alimpokea kwa kupiga goti nusu, kisha akatugeukia sisi kwa uso ule wa mstarini.

"Rudisheni vyeti! Haraka!"

Tukarudisha. Paroko naye akaondolewa meza kuu, akapelekwa kwenye benchi la walimu.

"Tunaanza upya," mpiga video akatangaza, kana kwamba shule ni yake. Risala ikasomwa tena, na pale penye ukosefu wa maabara msomaji akasimamishwa, arudie kwa uchungu zaidi. "Wazazi, vigelegele! Bibi wa kitenge cha njano, lia tena, ile ya kwanza sikuipata."

Bibi wa kitenge cha njano alikuwa wangu. Akaniuliza kwa Kinyiramba, kwa sauti anayoitia ng'ombe:

"Kwani mara ya kwanza mlifeli?"

Watu wakacheka mpaka benchi moja likapinduka. Mgeni rasmi, asiyejua neno la Kinyiramba, akacheka pia, halafu akamwinamia Sista kuuliza bibi amesema nini.

"Anakushukuru kwa kufika," Sista akajibu. Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Na Jumapili iliyofuata alipokea komunyo kama kawaida.

Ikaja hotuba. Mgeni alisema zama za kungoja ajira ya serikali zimekwisha, sasa ni soko huria, tujiajiri. Tujiajiri kwa kufanya nini, hakusema. Akaahidi jenereta. Tukapiga makofi, kisha tukayapiga tena kwa ajili ya kamera.

Zamu yangu ilipofika mpiga video akataka picha ya familia, kwa hiyo bibi akaletwa mbele. Mgeni akanyoosha mkono huku uso ameuelekeza kwenye kamera.

"Hujambo, bibi!"

Bibi akamtazama tu. Kwa umri, angeweza kumzaa.

"Jibu, bibi, mkanda unakwenda," mpiga video akanong'ona.

"Nangoja anisalimie," bibi akasema, safari hii kwa Kiswahili, asihitaji mkalimani.

Kipaza sauti kilikuwa karibu. Uwanja mzima ulisikia. Sista alishika rozari yake kama mtu aliye kwenye basi lililokatika breki. Mbunge mtarajiwa akakohoa, akainama kidogo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Haya, mpe mtoto karatasi yake, wali unapoa."

Wali ulikuwa umepoa zamani. Msafara wa mgeni ulihudumiwa kwanza, na walikula kama watu waliotoka jela. Tulipofika kwenye sufuria palibaki ukoko. Mimi nilinuna. Bibi alikwangua wake, akasema ndiyo sehemu yenye mafuta.

Jioni tukatoka kwenda barabarani kungoja gari. Akaniambia nimsomee ile karatasi.

"Inasema nimehudhuria masomo kwa miaka minne, na tabia yangu ni nzuri."

"Na kufaulu?"

"Hapana, bibi. Majibu ya mtihani yatakuja baadaye."

Akasimama katikati ya njia. "Kumbe kelele zote zile ni za kuhudhuria?"

Akacheka peke yake mpaka lori lilipotufikia. Mimi, nikiukumbuka mtihani wa hesabu, sikucheka.