Kitenge Kati ya Mama na Mkwewe

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya magunia ya pamba, mwanangu. Nilikuwa kidato cha pili, niko likizo kijijini, ng'ambo ya Isaka. Nilikuwa msichana wa haya, mengi niliyaandika kwenye daftari badala ya kuyasema. Ila hili acha niliseme.

Asubuhi hiyo mama alishindwa kumaliza kufagia uwanja. Alikaa mkekani, jasho linamtiririka na baridi ya Juni ipo. Alisema taya linauma, akajisokomezea karafuu kwenye jino. Baadaye akasema mgongo, kisha kichefuchefu, kisha pumzi haishuki. Kifua hakukitaja kabisa, ndiyo maana wote tulikubali kuwa ni jino.

Bibi, mama yake baba, alimgusa shingo. "Jino gani linatoa jasho mpaka miguuni? Huyu aende hospitali ya misheni, sasa hivi."

Gari lilikuwa moja tu, lori la pamba lililokuwa likipakia magunia barabarani, na dereva wake alikuwa Masanja, mume wa dada yangu Kabula. Nilikimbia kumwita. Alikuja mpaka mtini nje ya ua, akasimama ametupa mgongo, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, sembuse kukaa bega kwa bega.

Mama akagoma. "Nikae na mkwe wangu kwenye kiti kimoja? Watu watasemaje? Nitapona hapa hapa."

Majirani wakaguna kumuunga mkono. Mmoja akashauri tusubiri basi la kesho.

"Ukifa leo," Bibi akamwambia, "Masanja ndiye atakayebeba jeneza. Hapo utamkimbilia wapi?"

Mama akanyoosha mkono ainuliwe. Nilimwona anaogopa kifo, si watu tena.

Bibi alivua kitenge chake cha juu, akakifunga kwenye kebini kama pazia. Dereva huku, Bibi katikati, mama mlangoni. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia, na kwa kuwa dirisha la nyuma lilikuwa wazi, nilisikia yote.

"Wewe dereva, ukigeuza shingo huku, nakutoza mbuzi."

"Sawa, Bibi."

"Mwambie mkwe wangu apunguze mwendo kwenye mashimo," mama akanong'ona.

"Amesema upunguze mwendo."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesema amesikia." Bibi akashusha pumzi. "Jamani, nyie wote mna masikio."

Mama alicheka kidogo, nami machozi yakanitoka kwa furaha.

Daktari alisema ni moyo, damu ilikuwa imezibiwa njia, na presha yake ilikuwa juu muda mrefu bila yeye kujua. Alisema pia kuwa kusubiri basi la kesho kungetuletea msiba. Mama alilazwa, akapona polepole. Aliacha ugoro, akapunguza chumvi, na dawa ya presha aliimeza kila siku, hata siku alizojisikia mzima kabisa. Masanja alimpeleka kliniki kila mwezi, kitenge kikining'inia vilevile. Kitenge hicho ndicho mama alichokubebea wewe mgongoni, maana mama yako Kabula alikuzaa mwaka uliofuata.

Sasa juzi umeniambia umechoka tu, mgongo unakuuma, na ngazi za kazini zinakukata pumzi. Mwanangu, nenda kapime presha na sukari wiki hii. Tembea, punguza mafuta. Na siku taya, mgongo au mkono ukiuma pamoja na jasho na kichefuchefu, usiyape maumivu hayo jina la jino wala la vidonda vya tumbo. Usingoje kifua kiume. Panda chochote kinachokwenda hospitali, hata ukikaa na mkweo.

Mungu akulindie huo moyo, upate wakwe wengi wa kukwepana nao, na uzeeke mpaka uwatoze mbuzi.